Mke wa Kwenye Televisheni

Mjukuu wangu Rahma,

Huku mtaani kwetu Satwa hatujambo, ila babu yako goti linamsumbua. Umeniuliza kama Wamarekani huishi kama kwenye televisheni.

Nilipokuwa bibi harusi, babu yako alimsifu mke mmoja wa mchezo wa Kimarekani: "Anapika, na nywele hazitimki!" Wivu ukanikaba. Kila alipotokea niliizima televisheni.

Siku moja mteja wa Kimarekani akaja dukani kwangu kushonesha gauni kama la yule mke.

"Kwenu wanawake wote wako hivyo?" nikamuuliza.

"Hakuna hata mmoja. Mama yangu alimwonea wivu mke yule mpaka anakufa. Sasa ni zamu yangu."

Tukacheka. Nikamshonea gauni lake. Nami nikajishonea langu kama hilo, nikalizidisha marinda.

Bibi yako,
Zuhura