Maji ya Baraka Kwenye Gurudumu

Butimba, 9 Juni 1995

Dada Getruda,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mguu wa mama bado unamsumbua. Mahindi tumevuna kidogo. Mke wangu Winnie anakusalimu.

Uliuliza habari za pikapu ya mdogo wetu Revocatus. Ilikuwa mtumba wa Japani, imepakwa rangi upya, na honi ya kuimba. Siku ya kuibariki, mama alitandika khanga yake mpya kwenye boneti, akapiga vigelegele. Mama huyo huyo, dada! Gereji yangu ina miaka kumi na moja, hajawahi kukanyaga hata siku moja. Revocatus kauza sangara misimu miwili tu, tayari wazee wanampisha kiti.

Padri alinyunyizia magurudumu maji ya baraka. Jua liliyakausha, lakini gurudumu moja la nyuma likaendelea kudondosha matone. Shangazi akasema baraka imezidi. Mimi niliinama, nikagusa, nikanusa. Yalikuwa mafuta ya breki.

Nikafuta kidole kwenye suruali, nikaenda kula pilau.

Siku ya nne, kwenye mteremko karibu na Usagara, breki zilikataa kabisa. Revocatus yuko hospitali, amekatwa mguu wa kulia.

Jana alinishika mkono akasema, "Kaka, mimi nilikuwa na amani. Siku ile nilikuona umeinama pale gurudumuni, nikajua fundi wangu ameshakagua."

Ukimwandikia mama, msalimie tu; habari ya mafuta iishie kwako.

Mdogo wako,
Bundala