Tela la Hema kwenye Barabara ya Mwembe

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Same.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa kukausha midomo, na vumbi limeingia mpaka kwenye droo ya cherehani. Nimekaa uani na simu mkononi. Binti yangu Nakunda ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, akaniambia niwe naandika yanayonijaa badala ya kumpigia yeye kila siku.

Leo yamenijaa.

Tela letu limepanda mlima. Nimeisubiri siku hii kwa muda mrefu, na ilipofika nimelia.

Kwa anayesoma bila kutujua: mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la katani huku tambarare. Baba yangu alitoka Kasulu akiwa kijana, akaja kukata mkonge, na hakurudi kwao mpaka tulipomzika hukuhuku. Mume wangu, Baba Nakunda, ni Mpare wa huku, na kwa miaka thelathini aliendesha malori. Alikuwa akirudi nyumbani kwa siku mbili tatu, anaoga, analala, kisha anaanza kusimulia. Ukungu wa Makambako. Matope ya Kibondo. Mto mmoja huko kusini aliokaa kando yake siku nne akisubiri maji yapungue. Yeye anasimulia, mimi nashona. Na kila mara alimaliza kwa kusema kwamba akistaafu atanipeleka, tutazunguka kote, na Kasulu tutafika.

Niliyatunza maneno hayo kama mtu anavyotunza tiketi.

Alistaafu miaka mitatu iliyopita. Akakaa barazani.

Nilipomkumbusha, alisema amelala kwenye magari vya kutosha, sasa anataka kitanda. Nilingoja mwaka mmoja, nikangoja wa pili. Nikaanza kumwona mvivu. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja, na mara moja nilimwambia mbele ya dada yake. Naandika hili kwa aibu.

Mwaka jana nilikwenda Moshi kununua vitambaa, nikakuta mgeni mmoja anahama na anauza vitu vyake. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na tela. Likifungwa ni boksi la bati linalonifika kiunoni. Ukizungusha mkono wake wa chuma, paa linapanda, vitanda viwili vinachomoza, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kuta za turubai zinanyooka. Nyumba nzima. Nililinunua, nikalipa likavutwa mpaka nyumbani, nikamwambia mume wangu kwamba kama anataka kitanda, basi nimemletea chenye magurudumu.

Hakucheka.

Fundi Elirehema, mchomeleaji wa jirani yetu, alilizunguka mara mbili akasema tela hili limetengenezwa kwa barabara za lami. Magurudumu yalikuwa madogo kama ya toroli na tumbo lake karibu liguse ardhi. Tukaanza kazi, yeye upande wa chuma, mimi upande wa kitambaa. Alitoa ekseli ya zamani akaweka ya pikapu, akafunga springi juu ya ekseli badala ya chini ili tela liinuke, akaweka tairi sawasawa na za gari letu, ambalo tangu mume wangu astaafu halikutoka sana, ili ya akiba itumike kote. Chini akaweka bati nene la kuzuia mawe. Mimi nilibomoa turubai lote lililokuwa limeoza, nikashona jipya kwa mshono wa mara mbili, nikapaka nta kwenye kila mshono, na kwenye kila mwanya nikaweka mpira wa mlango wa gari ili vumbi lisiingie. Ilituchukua miezi minane.

Baba Nakunda alikaa barazani akisikiliza. Siku moja tu alisema neno. Elirehema alikuwa anataka kuongeza chuma kwenye fremu, na mume wangu akamwambia kutoka pale alipokaa kwamba asichomelee kwa kukatisha upana wa chuma, afunge kwa bolti, maana fremu ikichomelewa kwa kukatisha hukatikia hapohapo kwenye barabara ya rafu. Elirehema akafunga kwa bolti. Mimi nilifurahi siku nzima. Nilidhani ameanza kulitaka.

Wiki iliyopita nikamwomba tulijaribu, mlimani tu, kwenda na kurudi. Akasema sawa.

Leo asubuhi nilipika makande nikayaweka kwenye hotipoti, nikapakia maji na blanketi. Kwenye lami alikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda barabara ya Mwembe akapunguza mwendo, kisha akapunguza tena, mpaka mama mmoja mwenye ndoo kichwani akatupita. Nikajiambia analionea huruma tela langu. Tairi la mbele likapanda jiwe ambalo hata mimi nililiona kwa mbali. Nyuma tela liliyumba, likatulia, likafuata. Nilikuwa nageuka kulitazama kila baada ya dakika, kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni.

Tukaingia kwenye kona yenye kivuli. Pikipiki iliyobeba gunia la tangawizi ilikuwa inashuka. Mume wangu hakukwepa. Mwenye pikipiki alipiga honi, akajitupa pembeni kwenye majani, na hapo ndipo mume wangu alipofunga breki. Yule kijana hakuumia. Alitutazama, akatikisa kichwa, akaondoka zake.

Baba Nakunda akazima gari. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

Akasema, "Mama Nakunda, sioni."

Nikamuuliza hajaona nini, ile pikipiki?

"Sioni. Jicho la kushoto lilikwisha kabla sijastaafu. La kulia naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

Nimekaa na mtu huyu miaka thelathini na minne.

Alinieleza yote palepale, akitazama mbele. Siku zile alizoniaga kwamba anakwenda Moshi kufuatilia mafao yake, alikuwa anakwenda hospitali. Ni presha ya macho. Lililopotea halirudi, dawa ya matone inalinda lililobaki. Chupa ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Nikamuuliza kwa nini basi amekubali kuendesha leo. Akasema alitaka kutimiza hata kidogo, angalau mpaka Mwembe.

Nilikasirika. Nilimwambia angeweza kutuua, na yule kijana pia, na kwamba miaka mitatu ameniacha nimwite mvivu. Akasema mvivu lilikuwa jina rahisi kulibeba. Hapo ndipo nilipolia.

Gari lilikuwa katikati ya kona, haliwezi kubaki pale. Nikashuka nikatangulia kwa miguu, nikitembea kinyumenyume huku nikimwita: kushoto kidogo, nyoosha, njoo, njoo, simama. Hatua kama arobaini hivi, mpaka uwanja mdogo ambapo magari hupishana. Nikampigia Elirehema. Akasema anapanda bodaboda, tumsubiri.

Tulimsubiri ndani ya tela. Nilizungusha ule mkono, paa likapanda bila kukwama. Kila kitu kilikuwa kikavu na kisafi, hata chembe ya vumbi haikuingia. Tulikula makande tumekaa kitandani, miguu ikining'inia. Kupitia kidirisha nilikuwa naiona tambarare yote, katani, barabara kuu, malori madogo kama kunguni yakielekea pwani.

Yeye alikuwa anapapasa mishono kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Akasema kazi ni nzuri. Akasema pia kwamba springi ya kulia inalia, mpira wa bushi yake umebana, ameisikia tangu tulipoacha lami. Kisha akasema kitu ambacho kimenikaa mpaka sasa.

"Sikutaka kukupeleka mahali halafu wewe ndiye uniambie kulivyo."

Wakati wa kushuka Elirehema aliendesha, mimi nikakaa katikati. Nikaanza kumwambia mume wangu ninachokiona. Korongo kushoto. Nyumba mpya ya matofali, bado haina bati. Mbuzi watatu barabarani. Nilikosea jina la mto mmoja, akanirekebisha. Baadaye akauliza mwenyewe kama ule mteremko wenye mawe meupe tumeufikia.

Sasa amelala chumbani. Tela liko hapa mbele yangu uani, limefungwa, lina vumbi jekundu mpaka paani.

Nikiwa mkweli, mimi sikuwahi kutamani kuendesha gari. Nilitamani kupelekwa. Nilitamani kukaa upande wa abiria, yeye akinionyesha: pale ndipo palipokuwa na matope, pale ndipo nilipolala. Safari hiyo haipo tena, na leo naiona kama mtu aliyeondoka bila kuniaga.

Nina miaka hamsini na nane. Hata baiskeli sijui.

Jumatatu nitakwenda kuandikisha jina pale chuo cha udereva, karibu na stendi. Yeye sijamwambia. Naogopa atacheka, na naogopa zaidi kwamba hatacheka.