Mlango wa Pili wa Nyumba ya Msasani

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni mimi mwanao Monika, nakuamkia nikiwa nimepiga magoti sakafuni, maana meza yetu ina mguu mbovu na sitaki mwandiko uyumbe. Kifua chako kinasemaje baridi hii ya Tabora? Ile mizizi bado unaichemsha, au umeiacha kama kawaida yako, ukidai umepona? Sisi ni wazima. Mjukuu wako Maria ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba.

Bahasha hii nimeigundisha kwa ugali pande zote. Mdogo wangu Agnesi, wewe unayekwenda kumsomea mama, ukikuta imebanduka niarifu upesi. Yule anayepeleka barua za mtaa huu posta ana macho yasiyotulia.

Mama, tunajiandaa kujenga. Kodi ya chumba imetuchosha, na tangu vita viishe mbao zimeanza kupatikana tena. Mkweo amepewa kiwanja Msasani, kijiji cha wavuvi, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka hapa. Kiko jirani kabisa na bahari. Ukisimama hapo upepo wa chumvi unakukausha midomo. Niliwauliza wenyeji watatu, kila mmoja kwa wakati wake, kama kiwanja kweli ni cha yule mzee aliyetupa. Majibu yao yalifanana mno, nikazidi kushuku.

Lakini kilichoninyima raha si kiwanja. Fundi Salumu alipigilia vigingi akavuta kamba kuonyesha nyumba itakavyokaa: vyumba viwili kulia, viwili kushoto, ukumbi katikati, ua nyuma. Vizuri. Kisha nikaona kamba nyingine imezunguka pembeni, chumba cha tano, kina mlango wake unaotazama njia ya nyuma, kina jiko lake na choo chake. Mtu akikaa humo anaweza kuingia na kutoka mwaka mzima asikutane na mwenye nyumba.

"Fundi, hiki cha nani?"

"Mie nafuata nilivyoambiwa, bibi. Muulize bwana."

Nikamuuliza bwana. Akasema cha wageni. Nikamwambia sijaona mgeni anayejengewa choo chake. Akacheka, akatazama baharini.

Nikampelekea habari Mama Zuhura, mpangaji mwenzangu, mzaliwa wa hapa hapa pwani. Alikuwa anamenya muhogo, akaweka kisu chini. "Shoga, wee bado mgeni. Chumba cha namna hiyo ni cha bi mdogo. Watu wa huku ndivyo tunavyojenga."

"Sisi tumefunga ndoa kanisani, Mama Zuhura."

"Na wangapi wamefunga?" Akaendelea na muhogo wake.

Tangu siku ile nikawa namvizia mume wangu. Mkweo alipokea barua, akaisoma amesimama mlangoni, akaitia mfukoni mwa koti. Basi koti lile akawa haliachi hata akienda kuoga. Nilingoja alisahau koti mahali, wapi! Jioni moja tunakula akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, eti wanawake wawili wanawezaje kupika katika ua mmoja bila kugombana. Mama, kidogo nimmwagie mchuzi.

Wiki iliyopita seremala akatuletea hapa uani milango miwili ya mninga na miimo yake, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Huo mdogo ulikuwa umepigwa randa vizuri kuliko ule wa mbele. Jumamosi mkweo yuko kazini bandarini, nikachukua shoka. Niliupasua mlango mdogo wote pamoja na miimo yake, nikawasha moto, nikainjika maharage. Na huku nikipasua nilikuwa nasema, tena kwa sauti, Mama Zuhura na wapangaji wote wasikie. Agnesi, soma hivyo hivyo nilivyoandika. Nilisema, "Mwanamke huyo asikanyage kwangu. Akitaka kuja, aje amebebwa kwenye jeneza."

Mkweo akarudi, akala, akasifu. "Leo maharage yameiva."

"Yameivishwa na mlango wa bi mdogo wako," nikamjibu.

Akaacha kutafuna. Alinawa mikono taratibu, akaitoa ile barua kotini, akaniwekea mapajani. Mwandiko ulikuwa wa kaka Andrea. Niliukagua mara tatu nikidhani umeigwa, lakini ni wake, herufi zimelalia kushoto kama anavyoandika yeye. Ameandika hivi: "Shemeji, tumekaa na wajomba, tumekubali. Tangu baba afariki mama anakohoa peke yake nyumba nzima, heri aje kwenu. Ila unajua hawezi kupita mlango mmoja na mkwe wake. Nyumba ikisimama ndipo tutamwambia yeye na Monika pamoja, maana Monika hajui kutunza neno."

"Ulitaka mama mkwe wangu apite mlango gani?" mkweo akaniuliza. "Huu ninaopita mimi?"

Hakunigombeza. Alitoka uani akasimama kwenye majivu, na mimi nikatamani anipige kofi yaishe.

Mama, nilikuwa nikimwona baba kwa macho yangu. Akikutana na bibi njiani anaingia majanini, anageuka, mpaka mama mkwe wake apite. Miaka sita tu ya pwani nimeyasahau hayo, nikamtazama mume wangu kwa macho ya Mama Zuhura. Naona aibu hata kuandika.

Sasa kaka Andrea atanikasirikia kwa kufichua siri, na atakuwa na haki. Msalimie. Wasalimie wajomba zangu wote wawili waliokaa kikao, na shangazi Veronika aliyenifundisha kupika, mwambie maharage yaliiva kweli. Mkweo anakusalimu kwa mbali, kwa heshima, kupitia mkono wangu.

Mlango mwingine seremala ameanza kuuranda. Mbao zinapatikana, mama. Maneno niliyoyatamka ndiyo sijui nitayarudishaje, maana mwanamke niliyemwombea jeneza ni wewe, na wewe una kifua.

Nakuomba uje kabla ya masika. Nitakupokea stesheni mwenyewe, mkweo atatutangulia asikutie haya. Tukifika Msasani usiingie kwanza. Nitakupa maji kikombe, uyatie kinywani, unipulizie ili maneno yale yafutike, kama ulivyokuwa ukitupulizia utotoni tulipougua. Padri asisikie. Useme kwamba maneno yangu umeyasikia kwa masikio yako, na kwamba hayakukuhusu. Na kama moyo wako utakataa kuyasema hayo, mama, usinipulizie. Lakini uingie.

Mimi mwanao niliyekukosea,
Monika