Samaki Wang'aao Waliokaa Eda Dukani Kwetu

Mume wangu, Baba Zuhura,

Kaa mkao wa kusikiliza huko uliko, maana leo nina la kujisifu, na unanijua nikianza kujisifu simalizi haraka. Duka lipo. Samaki wapo, maji yao masafi, pampu za hewa zinanguruma tangu asubuhi. Ni duka lile lile la La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, ambamo kwa miaka tisa mimi nilisugua vioo na wewe ukauza. Nimelishika mwenyewe, na nitakueleza nilivyonusurika kulipoteza kwa mdomo wangu.

Unawakumbuka wale samaki wa rangi wa mwaka wetu wa kwanza? Tuliwaona wazuri, tukawauza kwa furaha, kumbe mtu alikuwa amewadunga sindano za rangi mgongoni. Rangi ikachujuka, wakafa mmoja mmoja. Yule bibi wa Kireno wa mtaa wa pili akaja na wake ndani ya kopo la jemu, akakuuliza umemuuzia nini. Ulikaa juu ya ndoo ukalia, mtu mzima na ndevu zako. Ukaniambia, "Mama Zuhura, riziki ya sindano siitaki."

Hapo ndipo ulipoanzisha ile desturi yako. Kila samaki mgeni alikaa wiki tatu katika tangi la nyuma kabla ya kuuzwa, ili kama ana ugonjwa au uongo ujitokeze. Ukaliita tangi lile eda. Watu wa kwetu Tanga walicheka mpaka wakashika mbavu, na wewe ukawajibu, "Mjane hukaa, sembuse samaki!" Nilikuwa nakuonea haya siku hizo, lakini leo nakuonea fahari.

Ukafa, nikakaa eda yangu mimi. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kimoja, nikisikia magari ya watu wengine. Mdogo wako Saidi akashika duka, na namshukuru, hakudokoa hata chembe ya chakula cha samaki. Lakini tangu msiba alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanamke hawezi duka hili, na kwamba nikitoka nimwachie. Hilo lilinikereketa kuliko njaa.

Siku niliyotoka nikaenda moja kwa moja dukani. Loo! Tangi la mbele limewekwa taa ya buluu, na ndani yake visamaki vinawaka, vyekundu, vya kijani, vya rangi ya machungwa, kama peremende zilizopewa mapezi. Wateja wamejaa. Saidi anatabasamu. Nikauliza, "Wamekaa eda hawa?" Akasema, "Shemeji, hawa hawahitaji, ni wa kisasa."

Hasira ikanipanda. Nikaona sindano, nikaona kopo la jemu, nikakuona wewe juu ya ndoo. Nikapayuka mbele ya kadamnasi: hawa wamepakwa rangi, wanaingia eda leo hii! Wiki tatu zikiisha na rangi ingalipo, Saidi chukua funguo za duka, mimi nikachome maandazi. Saidi akasema, "Sharp, sawa, shemeji. Mashahidi mpo." Mdomo uliponza kichwa, mume wangu.

Kila asubuhi nilikuwa naenda kuwachungulia kabla sijavua hata mtandio. Wiki ya kwanza wekundu ni wekundu. Wiki ya pili nikaanza kuomba dua, na naona haya kukuambia kwamba niliomba samaki wapauke. Wiki ya tatu Zuhura akaniita, "Mama, njoo uone." Kwenye majani ya chini kulikuwa na vitu vyembamba kama kope za jicho, vinajongea, na vyote vinawaka. Walikuwa wamezaa, na watoto wao wana rangi.

"Hakuna sindano hapa, mama," binti yako akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, nusu Kiingereza nusu Kizulu. Kumbe wamefundishwa shuleni. Wataalamu walichukua mbegu ya mwanga kutoka kwa yavuyavu wa baharini, na nyingine kutoka kwenye matumbawe, wakaitia ndani ya yai la samaki. Sasa inarithiwa, baba hadi mtoto. Yavuyavu! Yule yule aliyenichoma paja utotoni hata nikashindwa kwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani siku tatu, leo yumo ndani ya samaki wa dukani kwangu. Nilikaa chini.

Nikasema basi ni makosa, hawa ni viumbe waliochezewa. Zuhura akaniuliza, "Lakini hawaumwi. Wanakula, wanazaa. Kosa liko wapi?" Akanyoosha kidole kwenye tangi la samaki wako wa dhahabu, wale wenye mapovu kama vifuko vya maji chini ya macho, kipenzi chako na cha wateja. "Na hawa je? Hawa hata chakula hawakioni vizuri. Watu waliwazalisha hivyo makusudi wawachekeshe. Eish, mama, baba aliwauza hawa." Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nikawatazama wale samaki wakigonga kioo kwa mapovu yao, na nikajua mtoto amesema kweli.

Jumamosi ya mwisho duka likafurika. Walikuja kuniona nikiaibika, pamoja na Baba Kasongo, fundi cherehani Mkongo wa Yeoville, anayepanda teksi mbili kuja kununua samaki kwetu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikasimama juu ya kreti nikasema, nilikosea. Hawakuchomwa, wamezaliwa hivyo, na nilimzulia Saidi uongo. Funguo hizi hapa.

Kisha nikasema, "Lakini kabla sijazitoa, mimi nisingewauza hata hivyo. Serikali inadai kibali kwa viumbe wa namna hii, nasi hatuna. Na wakitoroka mtoni wakazaliana, nani atawarudisha? Maji yakimwagika hayazoleki." Watu wakaguna. Saidi akanyoosha mkono kuchukua funguo.

Baba Kasongo akamgeukia. "Ngoja kwanza, ndugu. Donc, basi, bakizala, bale batoto ni ba nani? Na nikichoka nabo, nibatupe wapi?"

Saidi akacheka. "Watupe popote, mzee. Chooni, mtoni, samaki ni samaki."

Yule bibi wa Kireno, aliyekuwa nyuma kabisa, akatikisa kichwa. Baba Kasongo akasema, "Miye nanunua kwa mutu anasema nimekosea," akaweka mfuko wake mtupu juu ya kaunta, upande wangu. Wa pili akafuata, wa tatu naye. Saidi akatazama watu, akatazama funguo, na uso wake ukalegea, maana si mtu mbaya, unamjua. Akazisukuma kwangu. "Shemeji, mimi kuuza najua. Kujibu sijui." Nililia pale pale, na nikapiga vigelegele huku nalia, na wanawake wakanipokea!

Saidi sasa anafanya kazi kwangu, na anauza kweli kweli. Wale wang'aao sikuwaua, kosa si lao. Nimetenga majike na madume wasizaliane, wapo nyuma, hawauzwi, na wakati mwingine navuta kiti nawatazama kwa sababu ni wazuri mno, nisiwe mnafiki. Wenye mapovu nao nimeacha kuwaagiza. Najua ungenuna wiki nzima. Nuna tu, Baba Zuhura. Ulichukia sindano kwa sababu uliiona, na hukuniuliza kamwe mimi nilikuwa naona nini nikisugua vile vioo. Nilikupenda hivyo hivyo, na bado nakupenda.

Miezi ya kwanza wateja walipungua, nikaogopa, kisha wakarudi na wenzao. Leo asubuhi ameingia mwanamume nisiyemjua, katoka Diepsloot huko mbali, kaambiwa kuna duka hapa ambalo halimfichi mtu kitu. Akanipita, akachungulia nyuma, akauliza, "Mwenye duka yuko wapi?"

Nikafuta mikono, nikamwambia, "Unaongea naye."

Mungu akulaze pema, mume wangu, na akuvumilie kelele zangu.

Mkeo,
Mama Zuhura