Ntumba Mbele ya Jumba la Sinyora

Toskana, Italia

Kwako mume wangu, Baba Neema,

Kabla sijakusalimu, kaa chini kwanza. Umekaa? Haya, hamjambo hapo Mollo? Neema kikohozi kimemwisha? Na Mama mkwe, miguu yake inasemaje na baridi ya huko? Mimi mzima, tena nimenenepa, ile sketi ya mtumba uliyoninunulia haifungi. Nina habari njema, Baba Neema!

Unajua masista walinileta huku kumtunza Sinyora, bibi kizee mwenye jumba hili. Ni la ukoo wake tangu mababu wa mababu. Aliyelijenga alikuwa mfanyabiashara wa hariri, na kwenye dari ya sebule kachorwa mwenyewe, kakaa juu ya mawingu, malaika wanampepea! Nilicheka, Sinyora naye akacheka. "Huyo babu majivuno yake yalizidi mali yake," akasema. Nje kuna bustani kubwa: miti imekatwa ikawa kama kuta, ukiingia katikati unapotea, na kuna sanamu za mawe zinazotema maji. Lakini mtunza bustani amezeeka, kaenda kwao, hakuna aliyeshika nafasi yake.

Sasa sikia vituko. Sinyora aliniambia nisafishe kiwanja mbele ya baraza. Nikaona jembe, nikaona majani marefu, moyo ukaruka. Mfipa ukimpa jembe na majani, atafanya nini kingine? Nikalima ntumba! Nikafukia majani, nikageuzia udongo juu, matuta ya duara yamejipanga kama yale yako ya bondeni. Kumbe, mwenzangu, majani yale ndiyo urembo wenyewe! Watu huku wanapanda majani makusudi, wanayamwagilia maji, na wala hakuna ng'ombe wa kuyala.

Mpwa wa Sinyora anayesimamia jumba alipofika alishika kichwa. "Umezika bustani ya wazee wetu!" Akaniambia nifungashe. Nililia, sikufichi. Niliwaza nitawatazamaje masista.

Sinyora akatoka na mkongojo wake. Akayatazama matuta, machozi yakamtoka, nikajua leo nimekwisha. Kumbe wakati wa vita, yeye akiwa msichana, mama yake alifukua majani na maua yote palepale akapanda viazi na maharage, wakala wao na majirani. Vita ilipoisha, baba yake akarudisha majani bila hata kumuuliza mama.

"Yaache yalivyo, panda maharage," akaniambia. Halafu akamgeukia mpwa wake: "Kama hupendi, fungasha wewe." Alinywea huyo!

Jioni Sinyora akaniuliza ni nani alinifundisha kulima vile. Nikasema ni mume wangu. "Basi aje," akasema, "bustani haina mtu." Baba Neema, tumepewa nyumba ya mtunza bustani, na Neema aje! Masista wa hapo watakusaidia kupata pasi ya kusafiria. Si umeniandikia mwenyewe kwamba siku hizi kila kitu ni ruksa?

Najua watu watasema: mwanamume gani anamfuata mke? Na usidhani sijasikia kwamba kaka yako anakutafutia mwingine kule Ilemba. Najua pia shamba la marehemu baba yako unavyolipenda. Sikulazimishi. Lakini miye nimechoka kukuota tu.

Mpe shikamoo Mama mkwe, mwambie mkwewe anapiga magoti. Nisalimie mdogo wangu anayeuza chumvi pale Chala. Kaka yako mwambie sina ugomvi naye, ila huyo binti wa watu amwache akae kwao kwa amani. Neema mkumbatie mpaka alalamike.

Nijibu neno moja tu: nakuja, au rudi. Ukisema rudi, nitamuaga Sinyora, nitalia, nitapanda ndege. Vyovyote utakavyosema, mwaka huu tunalala nyumba moja.

Mkeo asiyekuchoka,
Mama Neema