Shamba Yangu Iko Mawe

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na neno jingine mbele yako.

Nimestaafu ualimu. Nimewafundisha watoto wa Kifipa Kiswahili maisha yangu yote, na mwanafunzi niliyemharibia kuliko wote ni wewe. Nikilifikiria hilo najikasirikia.

Unakumbuka tulipohamia kijiji kipya, baba akiwa ameshafariki? Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikapewa darasa la kisomo cha watu wazima. Ulikaa benchi la mbele, umejifunika kanga mbili kwa baridi. Nikiandika ubaoni "Jembe la Juma ni kali", ulisoma bila kukosea, ukanakili bila kukosea. Tukitoka nje ulirudia Kiswahili chako ulichookota sokoni Sumbawanga ukiuza maharage: "Jembe yangu iko wapi?"

"Langu, mama. Jembe langu."

"Langu," unasema. Kesho yake ni "yangu" tena. Niliona ni ukaidi. Ilinichukua miaka mingi darasani kuona kwamba mtoto husema "yangu" muda mrefu huku anajijengea lugha, halafu siku moja "langu" inamtoka yenyewe, hajaambiwa na mtu. Wewe sikukupa muda huo.

Ukaja mkutano wa kugawa mashamba. Ulipangiwa kipande cha mlimani. Wanaume waliongea wee, kisha ukasimama wewe, mjane peke yako.

"Mwenyekiti, shamba yangu iko mawe. Mimi nataka..."

"Shamba langu lina mawe!" nikadakia kutoka mezani, nilikokuwa naandika kumbukumbu za mkutano.

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, kisha akasema, "Haya mama, endelea." Ukanitazama. Ukafungua mdomo, ukaufunga, ukakaa. Kipande cha mawe kikaandikwa kwa jina lako, na aliyeandika ni mimi, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nyumbani hukunigombeza. Ulisema tu, kwa Kifipa, kwamba maneno yote ulikuwa nayo mpaka niliposema mimi.

Nilipokwenda chuo cha ualimu uliniandikia barua moja. "Mama ni mzima. Shamba la mama ni kubwa. Jembe la mama ni kali. Mahindi ni mengi." Hakuna kosa hata moja. Nilijivuna, nikaizungusha bweni zima. Likizo nikakukuta umekonda, mahindi yamekuishia magotini, na ghala halina kitu.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Sentensi ya njaa hukunifundisha."

Ulisema hivyo kwa Kifipa, unapepeta ulezi wa jirani, wala hukuwa umekasirika. Afadhali ungekasirika. Ningeipokea barua yenye makosa kila mstari, mama, ilimradi iwe na habari zako.

Tangu mkutano ule hukusema tena Kiswahili mbele za watu. Hata ulipougua mara ya mwisho, daktari alikuuliza unaumwa wapi, ukanigeukia mimi nikutafsirie. Uliongea kirefu, kwa utaratibu, umenishika mkono. Nami nilikuwa nimechoka, nikamwambia daktari, "Anasema anaumwa kifua."

Pumzika, mama.

Ni mimi, binti yako wa kwanza