Nilimpa Mama Mkwe Neno Langu la Siri

Shangazi Odeta, shikamoo. Naomba unisikilize kabla hujanicheka, maana hili nililonalo hata mke wangu Dorcas namweleza nusu nusu. Mimi ndiye ninayeshughulikia kompyuta katika mojawapo ya hizi hospitali za watu binafsi zinazofunguliwa siku hizi hapa Mwanza, na mwaka huu mama mkwe wangu ameajiriwa pale mapokezi, kazi yake ni kuwaelekeza ndugu wa wagonjwa wodi na kitanda, na Daktari Chetan, mwenye hospitali, aliniagiza nimfungulie mama jina lake la kuingilia kwenye kompyuta, asome jedwali la vitanda tu, asibadilishe kitu wala asifike kwenye majibu ya maabara, lakini shangazi, sisi ni Wasukuma, mimi na mama mkwe tunasalimiana kwa mbali, nikimwona njiani napisha, sasa ningekaaje naye benchi moja kumfundisha, halafu nimtume Dorcas akamwambie mama yake kwamba humu ruhusa yako ni kuchungulia tu, nikaona ni kumdharau, basi nikampa Dorcas jina langu na neno langu la siri ampelekee, yale yanayofungua kila kitu.

Juzi mama alikuwa anamtafuta mgonjwa mmoja, Mzee Maige, akabonyeza pasipotakiwa, kompyuta ikamuuliza jambo kwa Kiingereza, akakubali, mzee akafutika. Mchana wanawe wakavuka kivuko cha Busisi na uji wao, wakaambiwa hakuna mtu wa jina hilo, wakaanza kulia msiba pale pale mlangoni, mpaka nesi akawashika mkono kuwapeleka wodini, wakamkuta mzee amekaa kitandani anauliza nani kafa. Kompyuta inaonyesha aliyefuta ni mimi. Daktari ameniuliza, nimesema nachunguza. Nikimtaja mama atafukuzwa kazi, na ndoa yangu sijui itakuwaje. Nikinyamaza, ataendelea kuingia kwa jina langu. Nifanye nini?

Obedi, Pasiansi, Mwanza

Marahaba, Obedi. Kucheka nimecheka, kwa huyo mzee anayeuliza nani kafa. Kisha nikawafikiria wanawe na uji wao, kicheko kikaniisha. Unachunguza nini, baba? Unayemtafuta ndiye aliyeniandikia.

Nakuonea huruma, ukwe si mchezo. Lakini usiusingizie. Mama wa watu hakuomba kujua majibu ya maabara ya mtu yeyote, wewe ndiye uliyemtwisha. Siku mgonjwa akisikia ugonjwa wake unasimuliwa sokoni Kisesa, wa kwanza kushukiwa atakuwa yeye, na hatakuwa na la kujitetea. Hiyo ndiyo heshima uliyompa.

Leo hii, kabla hujaongea na mtu, badilisha neno lako la siri. Kisha nenda kwa daktari umwambie aliagiza nini na wewe ulifanya nini. Jina la mama litatajwa, ndiyo, ila kosa libaki lako, maana ni lako. Halafu mrudishe Mzee Maige kwenye jedwali, na mama mfungulie jina lake: jedwali la vitanda, kusoma tu, basi. Ingia nalo wewe kwanza, ujaribu kufuta kitanda cha mgonjwa wa uongo, ujaribu kufungua maabara. Vyote vikikataa, ndipo umkabidhi. Kumfundisha mwachie yule nesi, na mama achague neno lake la siri wewe ukiwa nje. Hata wewe hutakiwi kulijua.

Na hilo la dharau liondoe kichwani. Wewe humtazami mama mkwe usoni, naye haingii chumbani mwenu, na hakuna kati yenu aliyewahi kuona ametukanwa. Unajua tangu siku ya kuoa kwamba kuna mlango mtu hapiti na heshima yake inabaki pale pale. Mtume Dorcas akamwambie mama yake hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Wanawe Mzee Maige wakivuka tena, mama awasomee kitanda cha baba yao kwa jina lake mwenyewe. Wewe uwepo, uwaombe radhi. Simama mbali kidogo na meza, kama kawaida yako.